Maji Ndani ya Hema Yametoka Wapi?

Usiku hakukunyesha hata tone. Ulilala nyota zikihesabika, alfajiri ukaamshwa na tone la baridi kwenye paji la uso. Unagusa ukuta wa hema, umelowa chapachapa. Upande wa miguuni wa mfuko wa kulalia nao umelowa. Unainua godoro, na chini yake pana majimaji. Kauli inayomtoka karibu kila mtu asubuhi kama hiyo ni moja: hema linavuja.

Nimeisikia kauli hiyo kambini mara nyingi, na mimi mwenyewe niliwahi kuiamini kwa moyo wote. Nilinunua gundi ya mishono, nikapaka hema zima kona hadi kona, nikaliacha likauke siku mbili. Usiku uliofuata, mbingu zikiwa safi, nikaamka nimelowa kuliko awali. Nilikuwa natafuta mahali maji yalikopenyea, kumbe hayakupenya popote. Yalizaliwa humo humo ndani, na sehemu kubwa yalitoka kwangu.

Mkanganyiko mwingi hapa unaanzia kwenye maneno, basi tuyanyooshe. Mvuke ni maji yaliyogeuka kuwa gesi na kuchanganyika na hewa. Hauonekani kwa macho. Ule weupe unaofuka juu ya birika ni matone madogo mno ya maji, yaani mvuke uliokwisha kupoa. Unyevu ni kipimo cha mvuke uliomo hewani. Umande ni maji yanayojitokeza juu ya kitu kilichopoa, pale hewa inayokigusa inaposhindwa kuendelea kubeba mvuke wake. Na ile nyuzijoto ambayo hewa inaanza kushindwa huitwa kiwango cha umande. Jasho la hema, kama nitakavyoliita hapa, ni umande unaotua upande wa ndani wa ukuta. Chupa ya maji baridi ikiwekwa mezani hulowa kwa nje, na hakuna anayesema chupa inavuja. Hema ni chupa hiyo hiyo iliyopinduliwa: baridi iko nje, mvuke uko ndani, na maji yanatua upande wenye mvuke.

Hewa ina kikomo

Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, ikishiba, hubeba takriban gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, uwezo huo unashuka hadi gramu 9 na kidogo. Kwenye nyuzi 0 zinabaki karibu gramu 5. Kinachozidi hakina pa kwenda ila kurudi kuwa maji.

Sasa chukua hema la watu wawili lenye nafasi ya mita 3 za ujazo, usiku wa nyuzi 10. Hewa yote iliyomo, hata kama ingekuwa kavu kabisa, ingeweza kubeba gramu 28 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula. Mtu mzima aliyelala hupoteza maji kupitia pumzi na ngozi bila hata kutokwa na jasho, na kiasi chake ni karibu gramu 30 kwa saa. Watu wawili ni gramu 60. Hema lililofungwa barabara lingeshiba ndani ya nusu saa, na kwa kuwa hewa ya usiku huwa tayari imebeba unyevu mwingi, kwa kawaida hushiba mapema zaidi. Kuanzia hapo hadi kunapokucha, mnachokitoa kinatafuta mahali pa kutua. Kwa usingizi wa saa nane, watu wawili hutoa karibu nusu lita. Mimina nusu lita ya maji kwenye kuta za chumba kidogo kama hicho uone kama patabaki mahali pakavu.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka msomaji aondoke nayo, maana ukiishika, ushauri mwingine wote unajieleza wenyewe. Lakini si wewe tu unayetoa maji. Ardhi yenye unyevu hufuka usiku kucha. Majani mabichi yaliyofunikwa na hema hutoa mvuke wao. Nguo zilizolowa, viatu vilivyokanyaga matope na taulo ya kuogea vikiingizwa ndani hukauka, na maji yaliyotoka kwao huhamia ukutani. Sufuria inayochemka kibarazani mwa hema, milango ikiwa imefungwa, ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa sababu inaweza kutoa ndani ya dakika kumi mvuke ambao ungekuchukua saa nyingi kuutoa kwa pumzi.

Mbingu safi, hema lililolowa

Kuna jambo moja ambalo huwatatiza hata wazoefu: kwa nini usiku wa nyota tele ndio unaolowesha zaidi, kuliko usiku wa mawingu? Mtu angedhani mawingu ndiyo yenye maji.

Kila kitu hutoa joto kwa njia ya mnururisho, yaani kulirusha mbali bila kugusana na kitu kingine, hata kitambaa cha hema gizani. Mawingu yakiwapo juu, hurudisha sehemu ya joto hilo chini, kama blanketi. Mbingu zikiwa wazi, joto linapanda na kupotea, na paa la hema linapoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, wakati mwingine kwa nyuzi kadhaa. Kitambaa ni chembamba, hakina akiba ya joto, hivyo hupoa upesi sana. Paa likifika chini ya kiwango cha umande, linalowa. Ndiyo maana utakuta paa limelowa pande zote mbili, nje kwa umande wa hewa ya usiku, ndani kwa jasho lenu.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells alichapisha huko London matokeo ya majaribio aliyoyafanya usiku baada ya usiku. Aliweka vibonge vya sufu juu ya ubao ulioinuliwa kutoka ardhini, na vingine chini ya ubao huo huo, kisha akavipima. Kwenye usiku usio na mawingu, sufu iliyotazama mbingu ilikuwa imekusanya umande mwingi kuliko ile iliyojificha chini ya ubao. Wengi wakati ule waliamini kwamba umande huanguka kutoka juu au hupanda kutoka ardhini. Wells alionyesha kwamba kinachoamua ni kitu kupoteza joto lake kuelekea mbinguni.

Mimi humkumbuka Wells kila ninapochagua pa kuweka hema, kwa kuwa ubao wake ni sawa na tawi la mti. Hema lililo chini ya matawi huona majani badala ya mbingu, na hubaki na joto kidogo zaidi. Tofauti kati ya hema lililopigwa katikati ya uwanja wa nyasi na lililopigwa pembeni mwake, chini ya miti, huweza kuwa tofauti ya kuamka umelowa na kuamka mkavu. Kagua tu kwanza kama hakuna matawi makavu juu yako, maana tawi likianguka litakuwa balaa kubwa kuliko umande.

Mabonde na kingo za mito ni hadithi ya pili. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama mahali pa chini kama maji yanavyotuama, na ukingoni mwa maji unyevu ni mwingi zaidi. Mandhari ya mtoni huvutia mchana, lakini kupanda mteremko mita chache tu, mahali penye upepo mwanana, hukupa hewa yenye joto kidogo na inayotembea.

Je, ni jasho au kweli linavuja?

Mahema huvuja pia, na sitaki mtu aamini kwamba kila tone ni pumzi yake. Uvujaji huwa na mahali. Unafuata mshono, kona, zipu au tundu, huacha mstari, na hutokea mvua inaponyesha. Jasho la hema halichagui: hutanda kama vumbi, huzidi juu ya vichwa vya waliolala na kwenye paa, na huja hata siku isiyo na mvua.

Kipimo rahisi hufanywa mchana. Piga hema likiwa tupu, mtu mmoja amwagie maji kwa mpira juu ya mishono, mwingine akae ndani na kitambaa kikavu akifuatilia kwa kidole. Kama kunavuja, utapaona mahali penyewe ndani ya dakika chache.

Kuna hali moja inayowadanganya wengi na inastahili kutajwa. Mvua kubwa inapopiga paa lililokwisha kulowa kwa ndani, kishindo cha matone hurusha maji ya upande wa ndani yakakuangukia usoni kama manyunyu. Mtu huapa kwamba mvua imepenya kitambaa. Mara nyingi ni jasho lake mwenyewe lililotikiswa.

Na maji ya chini ya godoro? Hapo watu husema ardhi imepenyeza. Huenda, kama hema liko kwenye kidimbwi au kama turubai la chini limejitokeza nje ya kingo za hema na kukinga mvua. (Turubai hilo lifichwe lote chini ya sakafu, lisionekane hata ncha.) Lakini ardhi ikiwa kavu, sababu ni ile ile: hewa yenye unyevu huteleza hadi chini ya godoro, hukutana na sakafu baridi, na kwa kuwa hapo hakuna upepo, maji hayakauki.

Mambo tunayoyaamini bure

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba hema likifungwa vizuri ndipo litabaki kavu. Kwa mvua, ni kweli. Kwa jasho, ni kinyume kabisa. Inasaidia kujua ile namba iliyoandikwa kwenye mahema, kwa mfano milimita 3000, inamaanisha nini: kitambaa kinaweza kuhimili safu ya maji yenye kimo cha mita 3 kabla ya kuanza kupenyeza. Ni namba ya mvua. Haisemi lolote kuhusu mvuke. Kitambaa kinachozuia maji ya nje yasiingie huzuia pia mvuke wa ndani usitoke, ndiyo maana hema ghali lisilopenyeza hata tone linaweza kukulowesha vizuri tu. Kwa sababu hiyo hiyo, kulipulizia dawa ya kuzuia maji hakutapunguza jasho lake.

Ya pili ni kwamba ukifungua matundu utaganda. Naelewa hofu hiyo, na si ya kupuuzwa. Ila hema hushika joto kidogo sana. Kinachokupa joto ni mfuko wa kulalia ulionao mwilini na godoro linalokutenga na ardhi. Hivyo viwili vikilowa ndipo baridi inapoanza. Mfuko wa manyoya ya bata hupata joto lake kwa kutuna. Manyoya yakilowa husinyaa na kushikana, na huo mwisho wa joto. Ule wa nyuzi za kutengenezwa huvumilia zaidi, lakini nao haupendi maji. Afadhali ulale na kofia na soksi nzito huku hewa ikipita, kuliko kulala kwenye mfuko uliolowa ndani ya hema lililofungwa.

Ya tatu ndiyo inayonifanya niandike kwa msisitizo, maana inaua. Watu huwasha jiko la gesi au huingiza makaa ndani ya hema ili kulikausha. Gesi ya kupikia inapoungua hutengeneza maji: kila gramu 100 za propani, mojawapo ya gesi hizo, hutoa takriban gramu 160 za mvuke. Unaongeza maji kwa nia ya kuyaondoa. Mbaya zaidi, moto kwenye nafasi ndogo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi asiamke. Makaa yanaendelea kuitoa hata yanapoonekana yamefifia. Usiwashe moto wa aina yoyote ndani ya hema unamolala, na usiingize makaa hata kama ni kwa muda mfupi.

Wapo wanaoning'iniza vifuko vya silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Silika jeli ni nzuri kwa kamera ndani ya boksi lililofungwa. Katika hali nzuri hunyonya maji yasiyofika nusu ya uzito wake, kwa hiyo nusu lita yenu ingehitaji zaidi ya kilo moja, na keshoye uikaushe upya kwa joto. Haifai kwa kazi hii.

Unachoweza kufanya

Kazi ni kuutoa mvuke nje kabla haujatua, na kwa ule unaotua, kuhakikisha haukugusi.

Hewa yenye joto na unyevu hupanda. Basi ipe njia ya kutokea juu na njia ya kuingilia chini. Tundu moja peke yake halitoshi, kama vile moshi usivyotoka vizuri kwenye nyumba yenye dohani lakini isiyo na mlango. Fungua matundu ya juu ya paa, kisha acha mlango wa ganda la nje, yaani kitambaa cha juu kinachokinga mvua, wazi kwa chini, au uinue ukingo wake kiganja kimoja kutoka ardhini. Kama kuna upepo, elekeza upande mdogo wa hema uupokee. Mvua ikinyesha wima, bado unaweza kuacha upande uliokingwa wazi. Watu wengi huyafunga matundu ya paa mara wanaposikia tone la kwanza, ilhali matundu hayo hushonewa kofia juu yake kwa ajili ya mvua.

Hema la tabaka mbili linasaidia sana hapa. Chumba cha ndani, mara nyingi cha wavu kama chandarua, hupitisha mvuke hadi kwenye ganda la nje, na maji yanatua huko, mbali na mwili. Masharti ni kwamba tabaka hizo zisigusane. Zikigusana, maji huhamia ndani. Nailoni hunywa maji na kulegea usiku, hivyo kaza kamba kabla ya kulala, na ukiamka katikati ya usiku, zikaze tena. Poliesta hulegea kidogo kuliko hiyo. Kamba zile za pembeni ambazo watu huziacha ndani ya mfuko wakidhani ni za dhoruba tu ndizo zinazotanua ganda la nje na kuacha hewa ipite.

Hema la tabaka moja ni jepesi mgongoni, na anayelichagua achague akijua kwamba ukuta uliolowa ni ule ule atakaougusa. Yapo yenye kitambaa kinachopitisha mvuke, na hufanya kazi vizuri hewa ya nje ikiwa kavu na baridi. Mvua ikilowesha uso wake wa nje, au unyevu wa nje ukilingana na wa ndani, mvuke hauna sababu ya kutoka. Mahema mazito ya pamba hulowa kidogo kwa ndani kwa sababu nyuzi zake hunywa na kupitisha mvuke, lakini nani atayabeba mlimani?

Nguo zilizolowa ziache kibarazani, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Pikia nje. Lala kichwa kikiwa upande wa mlango, pumzi yako itoke kwa njia fupi, na usifiche uso ndani ya mfuko wa kulalia hata baridi ikizidi: pumzi ya usiku mzima itaishia ndani ya mfuko huo. Miguuni, ambako mfuko hugusa ukuta, funika kwa koti la mvua. Weka kitambaa cha kufutia karibu na mkono. Kwenye baridi kali maji ya ukutani huganda kuwa theluji nyembamba. Ikung'ute na kuitoa nje mapema, kabla jua halijapiga hema, la sivyo itayeyuka yote kwa pamoja juu ya vitu vyako.

Na zipo siku ambazo hakuna kitakachofaa. Hewa ya nje imeshiba, upepo umekufa, ukungu umeshuka hadi nyasini. Kuleta hewa ya nje ndani ni kuleta unyevu ule ule. Siku hizo usijilaumu wala kulilaumu hema. Futa kuta alfajiri kabla ya kukunja, mfuko wa kulalia uanike mara jua linapotoka, na hema likunjue mchana mnapopumzika; dakika 20 za jua na upepo huliondolea karibu maji yote.

Kiswahili chetu hutumia neno moja, ukungu, kwa ile hewa nyeupe ya asubuhi na kwa ile koga inayoota juu ya kitu kilichowekwa na unyevu. Wa kwanza huondoka jua likipanda. Wa pili ukishaota kwenye kitambaa, madoa na harufu yake havitoki kirahisi, na maji yaliyofungiwa muda mrefu huharibu pia utando wa plastiki ulio ndani ya kitambaa hadi unanata na kubanduka. Kwa hiyo ukifika nyumbani, kabla hata hujafungua begi la nguo, litoe hema kwenye mfuko wake, ulitundike mahali penye hewa, na ulihifadhi pale tu mishono na kona zake, ambazo huchelewa kukauka, zikiwa kavu unapozipapasa.